Rivyuu ya darubini ya mikono 10x50: Kilimia, Omega Centauri na galaksi bila kununua teleskopu ya boksi

Wakuu salaam. Hii ni rivyuu ya darubini ya mikono, ile ya macho mawili, saizi 10x50, na naiandika kwa ajili ya yule mtu anayetaka kuangalia mafungu ya nyota na galaksi (miji mizima ya nyota kama hii yetu) akiwa huku huku kwetu, mfuko wenyewe wa kawaida, na kila akifungua simu anakutana na tangazo la teleskopu "inakuza mara 525" mate yanamtoka. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aondoke nao: hiyo teleskopu ya boksi, ile ya kwenye tangazo, iache hapo hapo ilipo, chukua 10x50 nzuri, na hela itakayobaki panda nayo basi uende sehemu yenye giza la kweli. Wenye muda tuendelee.

Yangu ni mtumba, ya Kijapani ya zamani kidogo, nimeichukua laki moja na themanini kwa jamaa anayeuza kamera zilizotumika hapa Dar. Ilikuja na mkoba uliochakaa, vifuniko vitatu badala ya vinne na mkanda wa shingoni ambao niliutupa siku hiyo hiyo. Mpya nilizoulizia zilianzia laki mbili na nusu kwenda juu. Jina la kampuni silitaji, maana sio la muhimu sana kwenye hii biashara, saizi hii imetengenezwa na makampuni kibao miaka nenda rudi na tofauti kubwa iko kwenye hali ya kifaa chenyewe kuliko kwenye nembo.

Sasa hizo namba. 10 ni mara ngapi inakuza, 50 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu wengi wanakimbilia namba ya kwanza, wakati kwenye mambo ya nyota hiyo 50 ndo mwenye nyumba, 10 ni mpangaji tu. Mboni ya jicho ikifunguka kabisa gizani inafika milimita 7 hivi ukiwa kijana, umri ukienda inapungua, na mwanga unaoingia unaendana na eneo sio upana, kwa hiyo chukua 50 mara 50, gawanya kwa 7 mara 7, unapata kama 51. Yaani hii kitu inakukusanyia mwanga mara hamsini ya jicho lako tupu, na galaksi shida yake sio udogo jamani, shida yake ni ufifi, galaksi ya Andromeda ukiipima kwa upana wake wote kwenye picha inazidi mwezi mpevu mara kadhaa, ila unasimama hapo hapo huioni kwa sababu mwanga wake umetandazwa eneo kubwa. Ukikuza sana kwa lenzi ndogo unautandaza zaidi, kinapotea kabisa hata kile kidogo ulichokuwa unakiona.

Namba nyingine inaandikwa karibu na sehemu ya kuwekea macho na wengi hawaisomi kabisa, upana wa uwanja wa kuona. Yangu imeandikwa nyuzi 6.5. Nyingine wanaandika mita 114 kwa mita 1000, ni kitu kile kile. Mwezi mpevu ni nusu ya nyuzi moja, kwa hiyo unaweza kupanga miezi 13 ubavu kwa ubavu humo ndani. Hapo ndipo teleskopu za boksi zinapoachwa, nyingi zinakuonesha nyuzi moja hivi, ukibadilisha lenzi ili ukuze zaidi unabaki na kitundu tu, na kukitafuta kitu angani kupitia kitundu huku stendi yenyewe inatikisika ukiigusa, mtoto anakata tamaa wiki ya kwanza kinawekwa juu ya kabati. Na hiyo "mara 525" ni uongo wa mchana kweupe, kanuni ya kawaida ni kwamba kukuza kunakofaa mwisho wake ni kama mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, lenzi ya 70 mwisho 140 na hapo ni usiku anga imetulia kabisa.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe, maana specs hazina maana kama hujui utaona nini.

Anza na Kilimia. Kila mtu anakijua au aliwahi kuoneshwa na mzee wake, na ndio fungu la nyota rahisi kuliko yote. Kwa macho matupu watu wengi wanahesabu sita, mwenye macho makali saba. Kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unatembea kwa mwaka mzima), nyota zake ni zaidi ya elfu moja na zote ni za uzao mmoja, zimezaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi kama miaka milioni 100 iliyopita, ambayo kwa nyota ni utoto kabisa. Upana wake ni karibu nyuzi 2 kwa hiyo kwenye 10x50 kinaenea chote na nafasi inabaki pembeni, nyota za bluu-bluu kali zimezungukwa na ndogo ndogo nyingi ambazo hukujua zipo. Kwenye teleskopu ya boksi unakiona vipande vipande tu.

Mwishoni mwa Novemba nilikuwa nyumbani Manyoni, mkoani Singida, saa mbili usiku kimeshapanda upande wa mashariki, akapita babu mmoja jirani yetu anatoka kuswali. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, unawinda nini na hilo dude? Nikamwambia naangalia Kilimia. Akaniambia hicho kikianza kuonekana mashariki jioni sisi tulikuwa tunajua mvua ipo njiani, watu waandae mashamba, nyie sasa hivi mnasubiri redio. Nikampa ashike. Nikamkunjia zile ngozi za mpira za kwenye macho kwa sababu anavaa miwani (hii zingatieni, mwenye miwani asipozikunja anaona robo ya uwanja), nikamwegemeza viwiko kwenye ukuta wa banda. Akakaa kimya muda. Afu akauliza, "Mbona zimezaa hizi?" Akagoma kunirudishia mpaka bibi alipomwita kula.

Karibu na Kilimia kuna zile nyota zimekaa umbo la V na moja kubwa ya rangi ya machungwa, V yenyewe ni fungu linaitwa Hyades, miaka ya nuru 150 tu, ni la karibu sana ndo maana limesambaa. Hiyo ya machungwa Aldebaran sio mwenzao, yenyewe iko miaka ya nuru 65, imepita mbele yao tu. Kwenye 10x50 fungu lote linakaa uwanja mmoja kwa kubanana kidogo.

Ila kama unaniuliza kwa nini nasema mtu wa huku kwetu ana bahati, jibu ni Omega Centauri. Hili ni fungu la aina nyingine, la duara, nyota zimerundikana zinakadiriwa milioni 10, ndilo kubwa kuliko yote yanayoizunguka galaksi yetu, umbali kama miaka ya nuru 17,000. Mtu akikaa London halioni maisha yake yote, halichomozi kabisa kwake. Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa zamani za kale, aliliandika kama nyota ya kawaida, Edmond Halley ndio akaja kuliandika sio nyota mwaka 1677 alipokuwa kisiwa cha St Helena, na ile orodha maarufu ya Messier, ya mafungu na madoa ya angani, ambayo kila kitabu cha wanaoanza kinakupa haina hili fungu kwa sababu mzee alikuwa anaangalia kutoka Paris. Sisi tunaliona nusu ya mbingu upande wa kusini, Mei na Juni saa tatu usiku, wakati huo huo kanda ya kati mvua imeshakata na anga ni safi. Unataka nini tena.

Kulipata: tafuta Msalaba wa Kusini, pembeni yake upande wa mashariki kuna nyota mbili kali. Ile iliyo karibu na Msalaba ni Beta Centauri. Toka hapo panda juu kidogo utakutana na nyota ya wastani (Epsilon), sasa endelea mwelekeo ule ule umbali karibu ule ule, utaona kinyota kisichotulia vizuri, kina ukungu. Weka darubini. Linakuwa bonge la duara, upana karibu na wa mwezi, katikati limeng'aa na pembeni linafifia taratibu bila mpaka. Kwa 10x50 huwezi kutenganisha nyota moja moja, sitaki kukudanganya, ila ukilikodolea kwa muda kingo zinaanza kuonesha vichembe vichembe, jicho linahisi kuna kitu kinataka kutokea. Mi kwa hili peke yake laki na themanini imerudi.

Na sasa hapo hapo usishushe mikono. Lisogeze Omega likae chini kabisa ya uwanja wako, angalia sehemu ya juu, nyuzi 4 na nusu kutoka hapo kuna doa dogo la duara limefifia. Hilo ni Centaurus A, galaksi, miaka ya nuru kama milioni 12, aliigundua James Dunlop akiwa Australia mwaka 1826. Fungu la nyota la kwetu na galaksi nzima ya kigeni kwenye uwanja mmoja wa darubini, umbali kati yao kwa kina haupimiki na akili ya kawaida. Dar usijisumbue, hutaiona. Manyoni naiona, na hata huko inabidi utumie ujanja wa kuangalia pembeni: usiikodolee yenyewe, elekeza jicho pembeni kidogo, itajitokeza. Katikati ya jicho kunaona rangi na mambo madogo madogo lakini gizani ni kipofu, pembeni ndo kuna seli za kuona mwanga hafifu. Mara ya kwanza inaonekana ushirikina, ukizoea unafanya bila kufikiri.

Kuhusu galaksi kwa ujumla niweke wazi ili mtu asije kunitukana baadaye. Hutaona mikono ya kuzunguka, hutaona rangi ya zambarau na dhahabu. Zile picha zinapigwa kwa kamera inayokusanya mwanga masaa, jicho halikusanyi hivyo. Utaona doa la kijivu. Kama unataka picha baki na simu yako, hii sio dharau, kuna watu ni hivyo na wana haki. Mimi kinachonishika ni kujua doa lenyewe ni nini. Andromeda mwanga wake umetembea miaka milioni 2.5, yaani ulianza safari kabla hata ya Zinjanthropus, yule wa Olduvai ambaye Mary Leakey aliokota fuvu lake 1959, ana miaka kama milioni 1.75 tu. Al-Sufi, mtaalamu wa nyota kule Uajemi, aliiandika kama wingu dogo mwaka 964, na bado watu wakaja kubishana mpaka juzi tu hapo, miaka ya 1920 Edwin Hubble alipotumia nyota zinazobadilika mwanga akiwa Mount Wilson, ndo ikakubalika kwamba lile wingu liko nje kabisa ya galaksi yetu.

Usiku wa kufanya galaksi ni Novemba, saa tatu hivi, kabla mvua hazijashika. Ukigeukia kaskazini Andromeda iko karibu nusu ya mbingu, kwenye 10x50 ni doa refu la mshazari, katikati linang'aa. Geuka kusini, chini chini utaona kipande cha wingu kimejitenga peke yake, hakisogei na upepo: hilo ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo umbali wa miaka ya nuru laki 2. Pembeni yake kabisa, uwanja ule ule wa darubini, kuna duara dogo kali, hiyo ni 47 Tucanae, fungu la duara la pili kwa kung'aa baada ya Omega, na liko mbele sana ya lile wingu, miaka ya nuru kama 14,000 tu, zinaonekana jirani kwa bahati. Afu inua kichwa karibu na utosi, galaksi ya NGC 253 (NGC ni orodha nyingine ya vitu vya angani), aliyoigundua Caroline Herschel mwaka 1783, kimstari kirefu chembamba cha kijivu. Kaskazini, kusini na utosini, umekaa sehemu moja, kwa usiku mmoja. Sehemu nyingi za dunia mtu lazima achague upande mmoja, sisi tuko karibu na ikweta tunapata pande zote mbili na bado watu wanalala saa tatu.

Wingu Kubwa la Magellan, miaka ya nuru laki 1 na 60 elfu, ndo linalonikera. Lenyewe ni kubwa, zuri, lina nebula, yaani wingu la gesi, ya Tarantula ndani yake ambayo 10x50 inaionesha bila shida, na ndiko nyota ilikolipuka Februari 1987 watu wakaiona kwa macho matupu. Lakini saa zake nzuri za jioni ni Januari na Februari, na kanda ya kati Januari ni mawingu na matope. Dawa yake ni kuamka saa kumi alfajiri mwezi wa Oktoba. Nani anaamka? Mi naamka, mke wangu ananiona chizi.

Julai hadi Septemba geukia kwenye kundi la nyota la Nge. Mkiani karibu na mwiba kuna mafungu ya M7 na M6 (M ni ya ile orodha ya Messier), M7 ni pana imetawanyika na ilishajulikana tangu enzi za Ptolemy, M6 ndogo juu yake, zote mbili zinaingia uwanja mmoja na nyuma yake ni Njia Nyeupe yenyewe, ule ukanda wa nyota wa galaksi yetu, imejaa. Hapo huhitaji hata ramani, tembeza tu darubini taratibu, kila hatua kuna kitu. Na ukiwahi mapema mwezi wa Aprili na Mei, upande wa kundi la nyota la Carina kuna fungu la NGC 3532, nyota nyingi mno za saizi karibu moja, ndicho kitu cha kwanza kabisa ambacho darubini ya anga ya Hubble ilielekezwa tarehe 20 Mei 1990. Ile ya mabilioni ya dola ilianza na kitu ambacho wewe unakiona na mtumba wako.

Sasa mabaya.

La kwanza, mikono. Inakaribia kilo moja, ukishika dakika mbili nyota zinaanza kucheza sindimba. Bila kuituliza unaona labda nusu ya uwezo wake. Njia ya bure ni kulala chali kwenye mkeka na kuegemeza vizuri usoni, au kiti cha plastiki chenye mikono, au ukuta. Njia ya hela ni stendi ya kamera na kile kichuma cha umbo la L, darubini nyingi za saizi hii zina tundu la skrubu mbele kabisa kwenye kiungio cha katikati limefunikwa na kifuniko kidogo, fungua utalikuta. Stendi ikiingia unaona ni kifaa kingine kabisa. Kwa vitu vya utosini stendi inakuwa kero shingo inakatika, hapo rudi kwenye mkeka.

La pili, hii yangu vioo vya ndani (prizimu) vimehama kidogo, bila shaka iliangushwa na mtu kabla yangu. Nikiangalia Jupita sekunde ya kwanza naona mbili, afu macho yanazivuta zinakuwa moja. Ukiangalia saa nzima kichwa kinagonga. Bei niliyoipata ilizingatia hilo na tulielewana, lakini wewe unayenunua pima mwenyewe dukani: elekeza kwenye ncha ya mnara wa simu wa mbali, tuliza, funga jicho moja fungua, ukiona picha inaruka juu au chini iache, kwenda pembeni kidogo unaweza kuvumilia. Washa tochi ya simu upande wa mbele uchungulie ndani, ukiona nyuzi nyuzi za utando hiyo ni kuvu imeota kwenye lenzi, Pwani ugonjwa huu ni wa kawaida sana kwa sababu ya unyevu na haitoki kwa kufuta. Ishike mbali na uso uangalie vile viduara vya mwanga upande wa jicho, vikiwa vimekamilika ni prizimu nzuri, vikiwa vimekatwa pembeni vina kona, ni za bei rahisi. Chukua rula upime lenzi ya mbele. Hizi ndogo za kukunja zinazoandikwa 30x60 pima uone kama hiyo 60 ipo, utacheka. Zenye lenzi nyekundu inayong'aa na zile za zoom usiguse.

Ukishaipata ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya punje punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na watoto waambiwe kwa sauti kubwa, jua haliangaliwi na hii kitu hata nukta moja, jicho linaungua na halirudi.

La tatu sio kosa lake, ni mji. Dar nikiwa juu ya paa naona Kilimia, M7 naiona, Omega naiona ila imepauka, Andromeda inabaki kitovu tu tena kwa kuhangaika. Galaksi nyingine zote sahau. Siku pekee ninayofurahi umeme kukatika ni ukikatika mitaa yote usiku wa giza la mwezi, hapo napanda paani kabla majenereta hayajaanza kuwashwa. Kwa hiyo nauli ni sehemu ya bei ya darubini, iweke kwenye bajeti. Chagua siku za giza, wavuvi wa dagaa wanazijua tarehe hizo kuliko mtu yeyote maana taa zao mwezi ukiwepo hazina kazi. Kanda ya kati Juni na Julai ni pazuri mno ila baridi ya Singida na upepo wake sio ya fulana, beba blanketi. Kuanzia Agosti kuna moshi wa watu kuchoma mapori, anga la chini linakuwa chafu, vitu vilivyo karibu na upeo vinakufa.

Macho yanahitaji nusu saa kuzoea giza, na bodaboda mmoja na taa yake full anakurudisha mwanzo. Simu ifunike na karatasi ya nailoni nyekundu. Ramani natumia Stellarium, kwenye kompyuta ni bure, unaweka mahali ulipo na saa unaona anga lako lilivyo, napanga mchana vitu vya kuangalia usiku navichora kwenye daftari ili simu ibaki mfukoni kabisa.

Kitu ambacho haiwezi, na hapa nisiwe na upendeleo: galaksi ya M104 ambayo wanaiita Sombrero nimeitafuta kila msimu nikiwa Manyoni na sijawahi kuapa kwamba nimeiona. M33, galaksi nyingine, inaonekana usiku mmoja, usiku unaofuata hakuna. Fungu la Sanduku la Vito pale pembeni ya Msalaba, ambalo jina lake limetokana na maelezo ya John Herschel, kwa mara 10 ni kadogo mno, unaona nyota tatu nne zimebanana na rangi huzipati sawa sawa. Kwa vitu hivyo unahitaji teleskopu ya kweli ya kioo cha inchi 6 au 8, ile ya kukaa chini kwenye boksi la mbao, na hiyo ni hela nyingine na usafiri mwingine, huwezi kuipakata kwenye basi la Singida.

Kwa bei na kazi naipa 8 kwa 10, hizo mbili nimekata za uzito na prizimu. Ingekuwa mzima ningeipa 9. Na kama kuna mtu anamjua fundi wa darubini Dodoma au Singida anayeweza kunyoosha vioo vya ndani naomba aniunganishe, hapa Dar nimempata mmoja mzuri tu ila anataka niiache kwake mwezi mzima, na sasa hivi ni Juni, Omega liko juu, siachi kitu kwa mtu.